Makande ya Jumatano

Kila Jumatano Elineema aliamka alfajiri. Nyumba waliyoishi alipewa na mama yake, na siku hizi zawadi ya mzazi ilidumu wiki moja moja: kila Jumatano kisanduku cha ukutani kilimuuliza mzazi anatunzwaje, na jibu baya likimtoka, hati ya nyumba ilifutwa papo hapo.

Basi alipika makande ya maziwa, akamkanda mama miguu kwa maji ya moto, akamfunga kitenge kipya.

"Umeshiba, mama?" aliuliza kwa mara ya tatu.

"Nimeshiba, mwanangu. Kaa nami kidogo."

Akakaa, macho kwenye kisanduku. Saa nne kamili kikazungumza kwa upole.

"Shikamoo, bibi. Mwanao anakutunza?"

"Marahaba. Ananitunza mno!"

Elineema akashusha pumzi.

"Ananipikia, ananikanda, tunaongea," mama aliendelea, akitabasamu. "Laiti wiki ingekuwa na Jumatano mbili."

Taa ya kijani, ishara ya kisanduku kuridhika, haikuwaka.

"Bibi," kisanduku kikauliza, "na jana ulikula nini?"

Mama akamgeukia bintiye. "Eti jana nilikula nini, mwanangu?"

Jana Elineema hakuufungua mlango wa chumba cha mama.