Ndevu Saba za Mama Sekela

Kwa sheria ya mji, kila mtu mzima alipaswa kuondolewa ndevu kwa mwanga, kwa sababu milango ilitambua nyuso laini tu. Tumpale alimpeleka kliniki mama yake, Sekela, aliyekuwa na ndevu saba nyeupe kidevuni.

Mtaalamu, Bi Mshana, alijaribu mara tatu, kisha akazima mashine.

"Mwanga huu hutafuta weusi, mama. Kwa ngozi nyeusi kama yetu natumia ule unaozama taratibu, upite bila kuichoma ngozi, ukaunguze mzizi. Lakini mvi hazina weusi wowote. Nikiuzidisha, nitakubabua bure."

"Kumbe uzee wangu hauonekani!" Sekela alicheka, akaomba aelezwe tena.

Tangu hapo Tumpale alimng'oa ndevu hizo kwa kibano kila asubuhi. Jumamosi moja mama akamshika mkono.

"Ziache leo, mwanangu. Nataka nijue mlango utasemaje."

Akatoka nje, mlango ukajifunga nyuma yake. Akageuka, akasimama mbele ya nyumba aliyoijenga mwenyewe.

"Mgeni, tafadhali msubiri mwenye nyumba," mlango ukasema.

"Mwenye nyumba ni nani?"

"Sekela Mwakalinga. Yumo ndani. Leo hajatoka."

Sekela akacheka, kisha kicheko kikakatika. Tumpale, aliyekuwa akisikiliza kutoka jikoni, alijikuta amegeuka kukitazama chumba cha mama yake.