Nataka

Jirani wa ukuta mmoja aliapa kwamba amemsikia mgonjwa akisema, "Nataka," kwa sauti ileile nzito ya zamani.

"Una masikio ya popo, shoga," mke wa mgonjwa alimjibu akicheka. Tangu kiharusi kimlaze mumewe na kumkata kauli, alikuwa hajaonja kofi lake.

Asubuhi alimpaka povu, akaanza kumnyoa. Wembe ulipofika chini ya kidevu, mkono uliokufa ganzi, ule wa makofi, ukainuka ukamkamata kiwiko. Vidole alivyovikanda kwa mafuta kila jioni ndivyo vilivyombana.

"Nataka," mume alisema.

"Unataka nini, baba watoto?"

Vidole vilizidi kubana. Wembe ulikuwa bado juu ya koo lake.

"Niachie mkono basi. Nakuomba."