Meusi Yako Wapi?

Kitendawili, wajukuu zangu: ndugu wa rangi kumi walala mfuko mmoja. Msihangaike, ni mbegu zangu za maharage.

Vita vilipopoa, tulirudi kijijini kwetu Nyakarenzo kutoka ukimbizini Bukavu na mfuko huo tu. Mvua ikizidi, maharage mekundu huoza mizizi. Meusi madogo ndiyo hubaki kutulisha.

Siku ya kupanda, mkamwana wangu Mukabalisa aliniletea kikapu cha mekundu matupu, yanang'aa kama shanga.

"Nimekuchambulia mazuri, Maman."

"Na meusi?"

"Hayo! Madogo kama mavi ya mbuzi."

Mawingu mazito yalikuwa yameshafunika ziwa kule bondeni.

"Mwanangu, meusi yako wapi?"

Alifuta mikono kwenye kitenge, polepole, kidole kwa kidole.

"Yako chunguni, Maman. Yanachemka."