Mume wa Sura ya Mwisho

“Huyo mwanamume asirudi,” mama mkwe alisema.

Mwandishi aliinua uso, mkasi mkononi. Alikuwa amechuchumaa mbele ya beseni la maji ya uvuguvugu, akimkata kucha za miguu. Bibi huyo alikuwa haoni tena, hivyo kila asubuhi alisomewa kurasa za jana. Leo hadithi ilikuwa imefika ukingoni: mume aliyetoroka amesimama mlangoni, anaomba radhi.

“Lakini Mama, riwaya zangu zote za mapenzi huisha hivyo. Wasomaji wanapenda.”

“Nawe umechoka. Unasoma kama mtu anayetwanga maji kwenye kinu.”

Mwandishi aliinamia kidole gumba. Ukucha ulikuwa mgumu kama gamba la kobe, akaurudisha majini, akaukanda taratibu.

Mume wake mwenyewe aliondoka miaka mingi iliyopita, akamwachia mkewe kazi ya kumtunza mama yake.

“Nilimzaa mimi, kwa hiyo nina haki ya kusema,” mama mkwe alisema. “Usimngoje, mwanangu.”

“Nikiondoka, nani atakukata kucha?”

“Nani kakwambia uondoke? Nimesema usimngoje.”

Maji yalikuwa yameanza kupoa.

“Basi mlangoni asimame nani?”

“Unaniuliza mimi? Juzi alipokuja yule fundi bomba, chai ilifurika jikoni na wewe unacheka tu.”

Mwandishi alihisi masikio yakimwaka. Akafuta mikono kwenye gauni, akavuta kalamu, akamkata yule mume kwa mstari mmoja.