Joho la Baba

Kipande cha kombora kilitoboa dari yangu saa tisa mchana, mimi nikiwa chini nalipiga brashi joho jeusi la baba. Baba ni bosi wangu, msemaji wa serikali hapa Riyadh. Chumba changu kiko juu ya nyumba, kando ya tangi la maji.

Godoro lilikuwa linafuka moshi pale ninapolaza kichwa. Madam, mke wake baba, ndiye aliyelimwagia maji.

Baba alipanda ngazi akiwa tayari amevaa joho. Miaka miwili sijawahi kumwona huko juu. Aliinama mlangoni, akasimama chini ya lile tundu, akaangalia juu. Plasta ilikuwa bado inadondoka.

"Baba, kama ningekuwa nimelala?" nilimwuliza.

Akafungua mdomo. Simu ikalia. Akaitikia, akashuka haraka kwenda garini.

Saa moja baadaye madam aliniita sebuleni tumwone kwenye televisheni. Kiarabu changu ni cha jikoni, lakini maneno yake niliyaelewa: makombora yote yametunguliwa angani, hakuna nyumba iliyoguswa, wananchi watulie.

Nilimtazama madam, nikingoja aseme neno. Yeye akaisogelea televisheni, akakunja uso.

"Nafula! Joho la baba hukulipiga brashi? Angalia bega lake, jeupe!"

"Nililipiga, madam," nikasema. "Hiyo ni dari yangu."