Kuku wa Saa Tatu

Siku ya nne baada ya kumpa Mwanahawa talaka, Shaweji alirudi asubuhi kuchukua televisheni.

"Vyombo vyako sivigusi," alisema. "Hii nilinunua mimi."

Binti yao Mize, ambaye hajatimiza hata miaka mitatu, alikuwa ameshakaa mkekani kumngoja Kuku. Kila siku saa tatu kuku huyo wa katuni aliwafundisha watoto kuhesabu vifaranga. Akishauliza, hunyamaza kidogo, kisha husema, "Hodari wewe." Mize aliamini anaambiwa yeye peke yake.

"Mwache basi aangalie leo," Mwanahawa alisema. "Ni nusu saa tu."

"Kule ninakokaa sasa nako kuna mtoto. Nimeshamwahidi."

Akachomoa waya, akaikumbatia televisheni kifuani. Mize alimfuata hadi mlangoni, akakipungia mkono kile kioo cheusi.

"Kwaheri. Kesho uje."

Shaweji aligeuka, machozi yakimlengalenga. "Nitakuja, mwanangu."

"Hakuagi wewe," Mwanahawa alisema. "Anamuaga Kuku."

Baba yake alipokwisha kuondoka, Mize alirudi mkekani, akaweka mikono magotini na kulitazama kabati. Pale ilipokuwa televisheni palibaki safi, na vumbi limepazunguka pande zote.

"Moja, mbili, tatu," alihesabu, akanyamaza, akangoja.

Mwanahawa alikuwa nyuma yake, na maneno yenyewe aliyajua. Alichukua kitambaa, akaanza kufuta vumbi.

Mize akahesabu tena, safari hii kwa sauti zaidi.