Kiti Kipya cha Baba Mwanaidi

Kila mwaka mpya kompyuta za kiwandani hutupima miili na kutuletea viti vipya, na vya zamani huchukuliwa siku hiyo hiyo. Kiti hutengenezwa kwa mwili utakaokuwa nao, si ulio nao leo. Ndiyo maana siku hizi hakuna anayelalamikia mgongo.

Mwaka huu mume wangu, Baba Mwanaidi, pande la mtu, alipojaribu kukaa kwenye chake, nyonga zilikwama.

"Wameniletea cha mtoto wa shule," alisema akicheka.

Mimi sikucheka. Nilikipima, kimepungua shibiri nzima kuliko cha mwaka jana. Nikapiga simu kiwandani, nikafoka.

"Hakuna kosa, mama," dada wa kule alijibu kwa upole. "Kitamwenea kabla ya Ramadhani."

Tangu hapo namrundikia wali wa nazi, maandazi, uji wa ulezi katikati ya mchana. Akiinuka bila kumaliza, namkemea. Akiniuliza nina nini, nasema sina kitu.

Leo adhuhuri amesukuma sahani ikiwa nusu, akaenda sebuleni.

"Njoo uone, Mama Mwanaidi!" ameniita kwa furaha. "Kumbe kilitaka kuzoewa tu."